Chuma cha Mtungi wa Maziwa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mama aliyeniuzia gari la spoti la marehemu mumewe alifika kutoka Wamagana kuliona. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimelirudisha, skrubu kwa skrubu, kama lilivyotoka kiwandani. Alilizunguka polepole, akasimama nyuma yake.

"Na ile chuma ya mtungi wa maziwa iko wapi?"

Mumewe alikuwa amefunga pale chuma cha kushikilia mtungi ili wapeleke maziwa kwenye chama cha ushirika kila asubuhi, mama ameketi kando ya mumewe.

"Haikutoka kiwandani, mama," nilimweleza.

"Ati kiwandani? Kwani kiwanda ndio ilikuwa inakamua ng'ombe?"

Alicheka, kisha akapangusa macho kwa ncha ya leso.

Alipoondoka nilikwenda Majengo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu niliyekuwa nimemuuzia chuma hicho kwa shilingi sitini. Alikuwa nacho bado. Aliona nina haraka, akataka mia mbili, nikalipa. Jioni hiyo nilitoboa matundu mawili kwenye rangi mpya, nikakifunga mahali pake. Hasara yangu ilikuwa shilingi mia moja na arobaini.