Mtungi wa Fundi

Tangu maradhi yaingie mjini, fundi wa kuchomelea hufungua karakana kila asubuhi, kisha huketi mlangoni, mikono yake yenye makovu ya cheche ikiwa imelala mapajani. Kiwanda kilichomjazia mitungi ya oksijeni ya kuchomelea sasa kinajazia hospitali tu, na mtungi wake wa mwisho aliupeleka wodini mwenyewe, dada yake alipolazwa. Vijana wake wa kazi wamerudi makwao. Wateja wakija kuulizia mageti, huwajibu kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa ndani, “Nivumilieni, ndugu zangu. Gesi iko hospitali.”

Juzi alikuja muuguzi, barakoa usoni, macho mekundu.

“Pole sana, kaka. Dada ametutoka alfajiri. Mtungi wako bado una gesi. Tukurudishie?”

Fundi alifuta viganja kwenye suruali, kama afanyavyo kabla ya kushika chuma.

“Kwenye kitanda cha jirani yake yuko nani?”

“Mama mmoja. Anahema kwa shida.”

“Basi mfungieni yeye huo mtungi.”

Muuguzi alipoondoka, fundi aliingia ndani akajifungia. Majirani wakasikia nyundo ikigonga chuma kitupu, ikigonga tu, mpaka jua likazama.