Vidole vya Précieuse

Jumapili hiyo ya mwaka 2006 giza liliingia Castle Vale, mtaa wetu, na simu ya mume wangu haikupatikana. Norbert alikuwa amempeleka binti yetu Précieuse, wa miaka kumi na miwili, kwenye mashindano ya baiskeli za BMX, mji wa mbali. Tulishakubaliana: akivunjika hata kidole kimoja, baiskeli inauzwa.

Nilikuwa na sababu. Ujanani, kule Bukavu, Norbert alishindana kwa pikipiki kwenye barabara za vumbi. Kwenye kona aliteremsha mguu mpaka soli ya kiatu ikalika. Siku ya harusi yetu mkono wake ulikuwa kwenye bandeji. Picha iko ukutani, na anacheka kuliko mimi.

Hapa Birmingham anapakia maboksi ghalani. Lakini alipowaona watoto wakiruka vilima kwa vibaiskeli, alisimama kama aliyekutana na ndugu zake. Akamnunulia Précieuse kimoja, akamfundisha kuteremsha mguu, kisha akafunga karia nyuma, kama ya kubebea magunia. Waamuzi wa mashindano walicheka, wakamwomba aing'oe.

"Na mama yake atakaa wapi?" akawauliza.

Nilivuta kiti karibu na mlango. Kwetu habari mbaya haisemwi kwenye simu. Inaletwa na watu wa kanisa, mchungaji mbele. Wanaingia, wanaomba maji, wanasali, ndipo wanasema. Nikajipa moyo: bado hakuna aliyebisha.

Gari likasimama nje. Nikasikia sauti ya Pasta Gédéon wa kanisa letu, nikaushikilia mlango kwa mikono miwili.

"Mama Précieuse! Una maji ya kunywa?"

"Pasta, sema hapo hapo! Sifungui!"

"Niseme nini, mama? Gari la mumeo limekufa njiani. Alinipigia, simu yake ikazimika, nikaenda kuwachukua. Nina kiu!"

"Na mtoto?"

"Mum, I'm fine! Niko mzima! Nimekuwa wa tatu!"

"Wa tatu si vidole. Vipitishe kwenye tundu la barua hapo mlangoni nivione!"

Nje wakaangua kicheko. Kifuniko kikainuka, vikaingia vidole vitano vyeusi kwa matope, kisha vitano vingine, vyote vikicheza. Nikavishika kimoja kimoja.

"Hesabu na vyangu!" Norbert akapiga kelele, akiingiza vyake vinene.

Nikavipiga kofi, nikafungua mlango.