Mashine Mbili za Kumrudisha Baba Kwenye Gitaa

Kwa mwezi mzima chumba changu cha Mpumudde, hapa Jinja, hakikuwa na mahali pa kumkalisha mgeni. Kitandani ililala mashine kubwa ya kuiga ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, niliyoiazima kwa mwenzangu wa bendi. Mezani, kando ya sufuria, kilikaa kisanduku changu cha efekti, na waya zikapita katikati ya chumba kutoka huku hadi kule. Aliyekuja kunitembelea aliambiwa asalimie akiwa mlangoni, na kama hakupenda, basi siku hiyo tulisalimiana kwa simu.

Mimi hupiga gitaa kwenye harusi na kanisani, na ulimi wangu si mtamu linapokuja suala la vifaa. Mashine kubwa sikuipenda tangu mwanzo. Unaiwasha, kioo kinakuletea picha ya ampu, nawe unagusa picha ya kitufe na kukizungusha kwa kidole. Picha ya kitufe! Siku ya kwanza nilicheka sana. Siku ya pili nilichomeka gitaa, nikapiga uzi wa chini, na kicheko kikaisha. Ampu yenyewe haikuwapo, ila sauti yake ilikuwapo, nzito, yenye joto, kana kwamba kuna sanduku la mbao na kitambaa limefichwa chini ya kitanda.

Kisanduku changu kidogo hakina makuu hayo. Kazi yake ni kuongeza kitu juu ya sauti uliyonayo: mwangwi kidogo, mtetemo kidogo, mkwaruzo ukitaka. Ukikipa sauti mbovu, kitakurudishia sauti mbovu yenye mwangwi. Mwenzangu wa bendi alisema hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Nilimwambia kwamba kisanduku kinaufuata mkono wangu, nikigusa polepole nacho kinaongea polepole, lakini mashine yake inanijibu kama karani aliyekwishajua jibu kabla sijauliza. Akanitupia methali, mchagua jembe si mkulima. Nikamjibu kwamba asiyechagua jembe hulima kwa malengelenge. Tuliachana kila mtu akiamini ameshinda.

Lakini sikuwa nikilinganisha kwa ajili yangu. Baba yangu, askari magereza mstaafu, anaishi na mama chini ya mlima Wanale, kule Mbale, na alikuwa ameacha kupiga gitaa. Mama alirudi kutoka hospitali moyo wake ukiwa umetanuka, akiwa na mfuko wa dawa na amri ya kupumzika. Majira hayohayo umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaiunguza ampu ya baba. Tangu hapo gitaa lilitundikwa ukutani na halikushushwa tena. Mimi nikaunganisha mambo hayo mawili kwa haraka zangu, nikasema ampu imekufa, na muziki nao umekufa kwa sababu hiyo. Mama alikuwa amelala na kuamka na gitaa hilo maisha yake yote ya ndoa. Nilitaka amsikie baba akipiga tena kabla moyo wake haujachoka kabisa. Hilo tu ndilo nililolitaka, na niliogopa kwamba muda hautatosha.

Ampu ile aliipata zamani, bendi ya magereza ilipoletewa nyingine mpya. Ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani, na ilibidi uisubiri ipate moto kama unavyosubiri kikaango. Ikishapata moto ilitoa harufu ya vumbi, na mama akasema chapati za afande zinaungua. Ilikuwa na kasoro moja niliyoipenda kuliko uzuri wake wote. Baba akipiga besi kwa nguvu, sauti ilizama kidogo kisha ikapanda, kama mtu aliyekosa ngazi moja akajishika. Mashine kubwa ina mahali pa kurekebisha hata kuzama huko. Nilikaa napo siku nyingi, nikiongeza, nikipunguza, umeme ukikatika naanza upya. Jinja tunakaa na bwawa la umeme na bado tunanunua mishumaa.

Tatizo likawa jingine. Sikuwa na mahali popote pa kuisikia ampu ya baba ili nilinganishe. Hakuna aliyewahi kuirekodi. Shahidi wangu pekee alikuwa sikio la msichana niliyekuwa zamani, na msichana yule hakuwa akikaa mbele ya ampu. Alikuwa nyuma ya ukuta, jikoni, akichambua mchele, na mama kando yake akiimba ile sehemu aliyoijua ya wimbo na kuguna zile asizozijua. Sasa nilikuwa naiga nini, ampu au ukuta? Swali hilo lilinikera sana. Alasiri moja nilitoa spika nje kwenye korido, nikafunga mlango, nikakaa ndani na waya mrefu, nikapiga. Ilikuwa yenyewe, au karibu sana na yenyewe. Jirani akabisha kuuliza kama nimefukuza spika au tumegombana tu.

Mwishowe nilibeba mashine zote mbili. Kubwa nilikuwa nimeitayarisha kwa sauti ya ampu ya baba, na moyoni nilikwisha kuipa ushindi. Kile kidogo nilikichukua kwa sababu hakijawahi kuniangusha.

Nilimkuta mama kwenye kitanda walichokihamishia sebuleni ili auone ua. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kukukagua kuanzia viatu. Akaniambia nimekonda kama waya wangu. Baba alikuwa akitembea ndani ya nyumba bila viatu, akifunga milango kwa mikono miwili ili isigonge. Redio yake, ambayo zamani ilianza kusema kabla ya jogoo, ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Nilimpeleka kwenye baraza ya nyuma, nikapanga mashine zangu na spika ndogo, na nikaanza maelezo. Nilimweleza habari ya valvu na kuzama kwa besi, na jinsi nilivyoitafuta sauti yake. Nilipiga kipande kifupi kwa mashine kubwa. Baba aliinua kichwa haraka, na kwa nukta moja niliona ameitambua. Kisha akainama akapunguza sauti mpaka ikawa haipo.

"Hii inaweza kunyamaza kabisa?" akauliza.

"Inaweza, Baba. Ina tundu la hedifoni."

"Na hii ndogo?"

"Nayo pia."

"Basi hii ndogo. Ile nyingine iko na mambo mingi sana."

Hivyo ndivyo mwezi wangu wa utafiti ulivyokatiwa hukumu. Hakuuliza ipi ina joto, wala ipi inaufuata mkono. Sitaficha, niliumia. Lakini alishusha gitaa ukutani, akavaa hedifoni, akafumba macho, na vidole vikaanza kutembea. Vilikuwa vimekakamaa mwanzoni, kisha vikalegea. Uso wake ukafunguka. Mimi nilichosikia ni nyuzi kavu tu zikikwaruzana, maana sauti yote ilikuwa kichwani mwake. Hata hivyo nilijipongeza, nikaingia ndani kupika, nikijiambia kwamba kazi iliyonileta nimeifanya.

Siku iliyofuata alipiga tena, asubuhi na jioni, kule nyuma. Nilikuwa nikimpaka mama mafuta miguuni, miguu iliyovimba kwa sababu ya moyo, aliponiuliza.

"Huyu mzee nakwaruza nini huko nyuma kama kuku?"

Nilimweleza kwa furaha. Nilimwambia baba amerudi kwenye gitaa, na nimempatia mashine ambayo anaweza kupiga siku nzima bila kumsumbua mgonjwa. Mama akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu.

"Wewe umesahau laini," akasema.

Laini ni zile safu za nyumba za askari nilikozaliwa, ukuta mmoja familia mbili, ukikohoa jirani anasema pole. Sikuwa nimesahau, ila sikuwa nimefikiri. Laini ilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyetufundisha kwa mdomo. Mgonjwa akirudishwa kutoka hospitali kwa kuwa hakuna tena la kufanya, redio zilizimwa, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa safu. Wanawake walibeba vinu vyao wakaenda kutwanga karanga mbali. Sisi watoto tulifukuzwa tukacheze upande wa pili. Mgonjwa mwenyewe hakuambiwa kitu. Alilala tu akisikia redio zikizimwa.

"Mimi mwenyewe nimezimia watu redio," mama akasema. "Nimebeba kinu. Sasa tangu nimetoka hospitali hii nyumba imezima redio, afande natembea bila viatu, gitaa iko kwa ukuta. Na wewe unatoka Jinja na mashine ya kunyamaza. Daktari alisema moyo imekuwa kubwa. Hakusema nimekufa. Nyinyi, nani amewaambia?"

Nilikaa na mafuta mikononi, nikahisi aibu ikinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimepima mashine hizo kwa kila kitu, na kumbe mama alikuwa na kipimo chake, naye alikuwa akihesabu kimya chetu akiwa amelala.

"Afande!" akaita.

Baba hakusikia. Kupitia mlango wa nyuma tulimwona kichwa kimeinama, hedifoni masikioni, vidole vikienda. Akaita tena kwa nguvu zaidi, na pumzi ikamkatika. Nikainuka nikamwite, akanishika mkono.

"Acha. Mimi ndiyo namwita."

Akashusha miguu. Akashika ukuta, akashika meza, akashika fremu ya mlango, nami nikimfuata nyuma nikiwa nimenyoosha mikono kama mtu anayefukuza kuku bila kutaka kumgusa. Alipofika barazani aliweka kiganja begani kwa baba. Baba alisimama wima ghafla, gitaa likining'inia, kama aliyeshtukizwa na mkuu wake kwenye lindo.

"Toa hiyo kitu kwa masikio."

"Daktari alisema upumzike."

"Nimepumzika. Sasa piga, mimi nisikie."

Baba akanitazama mimi, kisha mama. "Mimi nilikuwa nakuheshimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hiyo heshima ni ya maiti," mama akamwambia. "Mimi bado niko."

Sijawahi kumwona baba akilia, na siku hiyo pia hakulia. Alipitisha mkono usoni mara moja, kuanzia paji hadi kidevuni, akavuta kiti chake na kumkalisha mama. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa kelele, mpaka mama akaniambia nipunguze, hii si matanga.

Baba akachomoa hedifoni. Hapakutoka sauti yoyote, kwa kuwa spika nilikwisha kuifungasha pamoja na mashine kubwa ndani ya begi. Nikaanza kufungua zipu. Mle ndani ndimo ilimokuwa sauti ya ampu ya zamani, valvu na kuzama na yote, kazi yangu ya mwezi mzima, na nilitaka aisikie hiyo hasa. Lakini baba hakunisubiri. Alikwenda sebuleni, akavua redio kitambaa chake, akaileta barazani, akachomeka kisanduku kidogo nyuma yake.

Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya. Yeyote anayejua kazi hii atakwambia kwamba kisanduku cha efekti ukikiunganisha na redio moja kwa moja, bila ampu katikati, utapata sauti nyembamba yenye ukali, kama nyuki ndani ya kopo. Ndivyo ilivyokuwa. Besi haikuzama wala haikupanda, haikuwapo kabisa. Mwangwi ulikuwa mwingi kupita kiasi. Baba alikosea noti, akasonya, akaanza tena. Mama alikuwa amefumba macho, akaguna pale asipopajua, na pale alipopajua akaimba, akipumzika katikati ya maneno ili avute pumzi.

"Ongeza," akasema.

Baba akaongeza, na spika ya redio ikaanza kutetemeka. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye zipu ya begi. Nikauondoa.

Hatukuwa tumefika mwisho wa wimbo nilipoona mtu amesimama uani. Alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mke wa mstaafu mwingine wa magereza, mikono imelowa povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameacha nguo zake kwenye beseni akaja mbio, na sasa alikuwa hajui asogee au arudi.

"Mama, nimesikia gitaa," akasema. "Sisi tulikuwa tunaogopa kuja. Nyumba ilikuwa kimya, tukasema tusimsumbue." Akajifuta mikono kwenye leso yake. "Umepona?"

Baba akaacha kupiga. Mama akamtazama yule jirani kuanzia viatu hadi kichwani.

"Sijapona," akasema. "Ingia ukae."