Mama Nyuzi, Fundi Anayetuliza Okestra Ndani ya Kompyuta

Saa tatu asubuhi, na Mama Nyuzi hajagusa chai yake. Ameinamia kompyuta ya mezani, hedifoni imeziba sikio moja, jingine ameliacha wazi kumsikiliza mwenye mashine. Spikani fidla zinapanda taratibu, tarumbeta zinaingia, kisha sauti inakwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Inakatika. Kimya.

"Hapo hapo!" anasema mzee aliyeketi kwenye stuli. "Kila siku inanifia hapo hapo."

Mzee huyu ni mwalimu mstaafu wa muziki. Ametunga kazi ya okestra ya dakika kumi na nane kumkumbuka mkewe, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Wapigaji hana, ala zote tisini na sita zimo ndani ya kompyuta, kila moja ikiwa ni sauti iliyorekodiwa, inayosubiri kuitwa.

Hajawahi kuisikia kazi yake mwanzo hadi mwisho, na muda unamtupa mkono. Sikio la kushoto limeshaziba kabisa, na daktari amemwambia la kulia nalo liko njiani.

"Mafundi watatu wameniambia ninunue mashine mpya," anasema Mwalimu. "Kwa pensheni yangu mimi? Labda ninunue kifuniko chake."

Mama Nyuzi anacheka. "Mwalimu, mashine yako ni nzima. Inagombana yenyewe kwa yenyewe tu."

Jina hilo la utani alibandikwa na kaka yake, fundi redio, aliyemmegea kona ya karakana yake: meza moja na soketi mbili. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hugawa kazi katika mikondo inayokwenda sambamba, na mama huyu huiita nyuzi.

"Kutwa kucha ni nyuzi, nyuzi," anasema kaka mtu huku akichomelea waya. "Juzi kaja mteja na suruali ya kupunguza kiuno."

Miaka tisa iliyopita, Mama Nyuzi alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya kiwanda. Kiwanda kilipofungwa, bendi ikafa nacho. Akiwa na binti wa kulea peke yake, alianza kuchapa barua za watu kwa kompyuta kuukuu, na kazi ikipoa akawa anajaribu kutunga muziki humo humo.

Kila alipofikisha ala ya ishirini, mashine ilikwaruza. Akafuata ushauri aliopewa na kila mtu: ziruhusu programu zitumie nyuzi zote. Mambo yakazidi kuharibika.

"Nililia," anakiri. "Nilijiambia, basi, muziki umenikataa mara ya pili."

Machozi yalipokauka, alitafuta daftari. Kila siku alibadilisha kitu kimoja tu, akaandika alichosikia. Siku ya arobaini na moja, kwa hasira zaidi kuliko akili, akafanya kinyume cha ushauri: akapunguza nyuzi. Kukwaruza kukakoma.

"Nikazima, nikawasha, nikapiga tena. Safi! Nikampigia kaka simu, nikaisogeza kwenye spika. Akaniuliza, 'Ndiyo nini hiyo?' Nikamwambia, 'Ndiyo mimi hiyo!'"

Siri aliyoigundua anaieleza kwa lugha ya jikoni. Ndani ya kompyuta ya mtunzi kuna programu mbili: moja hupanga muziki, nyingine hutoa sauti za ala. "Ni wapishi wakuu wawili, na kila mmoja anawaamuru wasaidizi walewale, yaani nyuzi. Huyu anasema kata vitunguu, yule anasema acha, songa ugali. Chakula kitatoka saa ngapi? Mpunguzie mmoja wasaidizi, jiko linatulia."

Siku hizi hupokea kompyuta nne au tano kwa wiki. Kipato chake hupanda na kushuka, lakini kimemfikisha binti yake chuoni. Kinachomkera ni wateja wasioamini kazi isiyoshikika. "Mtu ananiambia, 'Hujabadilisha hata skrubu, nikulipe kwa lipi?'"

Mashine ya Mwalimu ina nyuzi kumi na sita, na kila programu imejitwalia zote. Mama Nyuzi anaipunguzia programu ya ala mpaka nane, anapiga. Fidla zinavuka pale palipokuwa pakikatika, lakini dakika moja mbele kukwaruza kunarudi.

Mwalimu anashusha pumzi. "Labda ndiyo basi, mwanangu."

"Bado, Mwalimu. Hakuna namba inayofaa mashine zote. Lazima uisikilize."

Anashusha hadi nne. Kisha anaipa mashine nafasi zaidi kidogo ya kuandaa sauti kabla ya kuitoa. Anaandika daftarini, anabonyeza.

Mwalimu anageuza sikio la kulia kuelekea spika. Fidla zinapanda. Tarumbeta zinaingia, na safari hii zinakwenda, zinakwenda. Kaka mtu anaweka chini chombo chake cha kuchomelea. Dakika kumi na nane zinapita bila kukwaruza hata mara moja.

Noti ya mwisho inapozimika, Mwalimu anafuta macho kwa kiganja.

"Filimbi ya dakika ya kumi na mbili imeingia mapema mno," anasema. "Hilo ni kosa langu mimi. Miezi minane nailaumu mashine, kumbe na mimi nina langu!"

Karakana nzima inaangua kicheko, na mwenye kosa ndiye anayecheka zaidi. Sasa ana kitu cha kusahihisha, na sikio la kukisahihishia bado analo.

Mama Nyuzi anaandaa kijitabu cha Kiswahili kutokana na daftari zake, ambazo zimefika saba. Mwezi ujao ataanza darasa la Jumamosi hapa hapa karakanani. Watu sita wameshajiandikisha, wawili wao wakiwa wapigaji wenzake wa ile bendi ya kiwanda.

"Mimi nitawafundisha mashine," anamwambia Mwalimu akimfungia kompyuta yake. "Kutunga, utawafundisha wewe. Utakubali?"

"Na hili sikio likiziba kabisa?"

"Utatuandikia ubaoni."

Mwalimu anavuta stuli karibu na meza.

"Noti nazisoma kwa macho," anasema. "Niandike hapo. Jumamosi saa ngapi?"