Siku ya Wafu Tukiwa Wageni Kibua

Kuna siku ya wafu moja, mwanangu, ambayo sijawahi kukusimulia. Ilikuwa Kibua, miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa msichana mkubwa wa kubeba gunia la maharage peke yangu. Nimekuwa nikiiwaza tangu jana uliponipigia simu kutoka Korea.

Uliniambia kwamba huko wanajiandaa kwa sikukuu yao ya mavuno, Chuseok, ambayo huja mwezi ukiwa umejaa. Maduka yanafungwa, barabara zinajaa watu wanaorudi kwao, wanakwenda kufyeka majani makaburini na kuwaandalia marehemu wao chakula cha mchele mpya. Uliniambia pia kwamba Minsu, yule rafiki yako wa darasani, amekualika kijijini kwao, nawe umekataa. "Tate, wale si wafu wangu," uliniambia mimi bibi yako. Eti utabaki chumbani ulale. Niliishusha simu mapajani, ukadhani imekatika. Haikukatika, Justini. Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia kwa baba yangu mzazi.

Sisi ni watu wa Kibabi, unajua. Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja ulipoanza, mlima mzima ulikwenda makaburini. Tulipalilia, tukaweka maua, katekista akaomba, halafu tukala pamoja: bugali, sombe la majani ya mihogo, maharage, na kuku kwa aliyejaliwa. Watoto tuliipenda siku hiyo karibu kama Noeli. Mwaka ule surua ilimchukua mdogo wangu Emili. Baba alichimba kaburi kwa mikono yake, akasema siku ya wafu haitafika kabla hajamwekea msalaba. Lakini vita vilifika kwanza. Nyumba zilichomwa, tukatoka na nguo za mwilini, tukatembea kwenye matope na msituni mpaka Kibua, upande wa Walikale.

Sitakuambia nani alimpiga nani. Wanaopenda kueleza hayo ni wengi, na kila anayeeleza huwasha moto upya.

Kibua tulipokelewa na Papa Gaspari, mzee aliyefiwa na mkewe. Alitupa jiko lake tulale, akatuonyesha sehemu ya kulima mihogo. Kulikuwa na joto ambalo sisi wa milimani hatukulizoea, na chakula chao kilijaa mawese, lakini tulikula na tulilala. Siku ya wafu ilipokaribia, alikuja akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Papa Zakaria," alimwambia baba, "kesho kutwa tutaenda ku makaburi. Mukuye na sisi. Mutaita majina ya bantu benu pale pale. Mungu anasikia hata huku."

Baba alimshukuru kwa heshima. Mzee alipoondoka tu, uso wa baba ukabadilika.

"Wafu wao haiko wafu wetu," alisema. "Nitasimama namna gani ku kaburi ya muntu sikumujua, na mutoto wangu analala mu majani kule, hata musalaba hana?"

"Emili iko mu mikono ya Mungu," mama alijibu. "Hawa banaishi, hao njo banakuhitaji."

"Nilimuahidi."

Mama alilia, akamshika shati. Kaka yangu Faustini alitaka kumsindikiza, baba akamkatalia. Asubuhi alikuwa ameshaufunga msalaba mgongoni kwa kamba za migomba, msalaba aliouchonga mwenyewe kwa panga la kuazima. Alinishika kichwa, akaniambia nisaidie mama, akaenda. Nilimwangalia mpaka msitu ukamficha, na kweli nakuambia, moyoni nilikuwa upande wake. Niliona mama hana mapenzi.

Siku yenyewe mama alitupeleka makaburini na watu wa Kibua. Alitembea kama mtu aliyesukumwa. Papa Gaspari alipalilia kaburi la mke wake, akamwita kwa jina, halafu akatugeukia. "Mutoto wenu aliitwa nani?" Faustini ndiye aliyejibu. Yule mzee akainua kichwa, akaita, "Emili, mutoto wa Zakaria na Leokadia, wa Kibabi!" na watu wote wakaitikia, watu ambao hawakumwona Emili hata siku moja. Hapo mama akakaa chini. Alilia kilio chote alichokuwa amekibana njiani, na wanawake wa Kibua wakakaa naye kwenye majani.

Juma lililofuata wakimbizi wengine walifika kutoka milimani. Mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, aliuliza kama kuna familia ya mtu aliyebeba msalaba. Walikuwa wamemkuta mtu huyo kando ya njia, karibu kabisa na Kibabi, ameshakufa kwa risasi. Msalaba bado ulikuwa mgongoni mwake. Walimfunika kwa majani ya migomba. Kuzika hawakuweza, maana bunduki zilikuwa zinalia.

Faustini aliingia ndani, akachukua panga, akashika njia. Papa Gaspari alimkimbilia na kumzuia kifuani. Faustini alimsukuma, mzee wa watu akaanguka kwenye matope. Hakuinuka. Alimshika mguu palepale chini.

"Niache! Baba yangu ataliwa na mbwa!"

"Nasikia," mzee alisema. "Nasikia, mutoto wangu. Lakini mama yako amepoteza mutoto, amepoteza bwana. Unataka akae mulangoni akungojee na wewe? Ukienda, nani atalimia hawa badogo?"

Faustini alivuta mguu, mzee akaburutwa naye hatua chache kwenye tope, mpaka panga likaanguka. Kaka yangu akapiga magoti, na mzee akamkumbatia, wote wawili wametapakaa matope.

Kesho yake Papa Gaspari alifyeka mahali kando ya kaburi la mkewe. Hakukuwa na mwili wa kulaza pale. Aliweka mawe kwa mpangilio, akamwambia mama, "Hii njo itakuwa kaburi ya Zakaria, mpaka vita iishe." Vita havikuisha upesi. Mama alipalilia mawe yale miaka yote tuliyokaa Kibua, na tulipohama, wajukuu wa Papa Gaspari waliendelea kuyapalilia. Mifupa ya baba hatukuipata kamwe. Faustini alitulea sote, nami nikaolewa, nikamzaa mama yako.

Usidhani ninamlaumu baba yangu. Alikuwa mzazi aliyeacha mtoto bila msalaba, na jambo hilo lilimla ndani. Lakini alikufa kwa sababu alidhani huzuni ya Kibabi haiwezi kukaa kwenye udongo wa Kibua.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mpigie Minsu, mwambie unakwenda. Vaa nguo safi, usiende mikono mitupu, wapelekee hata matunda. Wakifyeka, shika na wewe panga ufyeke. Uliniambia kwamba huko watu huinamia wazee na marehemu mpaka chini, hata kwenye mwaka wao mpya. Ukiona kuinama makaburini hakukupi amani kwa ajili ya imani yako, simama kimya nyuma yao, hakuna atakayekufukuza. Na wakikuuliza wafu wako wanaitwa nani, usione haya, taja. Mtu anayekukaribisha kwenye msiba wake au sikukuu yake amekupa kiti nyumbani mwake. Kukataa kiti hicho hakuwapi heshima waliolala Kibabi. Na siku huzuni itakapokuambia uache walio hai ili uwafuate waliokwenda, mtafute mzee wa kukushika mguu.

Mungu akutangulie kwenye hiyo safari. Akupe tumbo la kukubali chakula chao na ulimi wa kuwashukuru. Masomo yako yaishe vizuri, na akurudishe kwetu ukiwa mzima, mimi nikiwa bado nipo.