Vipande Vilivyohamia Kwingine

Mtaani walimwita Mama Hamira, ingawa hakuwa na mtoto wala hakujua kuoka. Majirani walisikia kwamba kazi yake chuoni ni kufuga hamira, wakaanza kumgongea mlango na mabakuli, wakiomba kidogo ya kuumulia unga. Aliwaeleza mpaka mate yakamkauka kwamba hamira yake si ya kuliwa, ni ya kuchunguzwa. Wapi! Jina likaganda.

Kazi yenyewe aliipenda kupita kiasi. Ndani ya kila seli ya hamira mna kromosomu, nyuzi nyembamba mno zilizobeba maagizo yote ya uhai wake, na seli ikitaka kugawanyika sharti izinakili kwanza. Katika nyuzi hizo zipo sehemu dhaifu, na wakati wa kunakili ndipo hukatika. Seli haikubali kukaa na uzi uliokatika. Hutafuta pa kuunga haraka haraka, na mara nyingi huunga vizuri. Lakini mara mojamoja huchukua kipande cha uzi huu ikakipachika kwenye ule. Seli za namna hiyo ndizo alizokuwa akizisaka Mama Hamira. Alikuwa amezitengeneza seli zake kwa namna ambayo zikikatika na kuungwa vibaya, huota doa jekundu katikati ya madoa meupe. Asubuhi akifungua kabati la joto akakuta wekundu kwenye sahani za kuoteshea, basi siku hiyo hata chai yake ilipoa mezani.

Siku moja ya namna hiyo mdogo wake alitokea mlangoni mwa maabara, mkoba kaukumbatia kifuani. Alikuwa ametoka kliniki. Mimba ilikuwa imeharibika tena, ya tatu, na safari hii daktari alikuwa ameagiza damu yake na ya mumewe zipimwe.

"Dada, wamesema kromosomu zangu mbili zimebadilishana vipande," alisema. "Si ndiyo kazi yako hiyo? Hebu niambie."

Mama Hamira akajiona amepata la kumsaidia. Akamvuta kiti, akashusha sahani, akaanza: pale panakatika, hapa panaungwa, ona hili doa. Alieleza kwa shauku ileile ya kila siku. Mdogo mtu alitazama madoa, akamtazama dada yake anavyochangamka, machozi yakamlengalenga.

"Unafurahi," alisema.

"Mimi? La, nilikuwa nataka tu uone..."

"Mimi si sahani yako, dada." Akaondoka, mlango ukabamizwa.

Mama Hamira alibaki amesimama kama aliyemwagiwa maji. Kazi haikuendelea tena. Alivua koti jeupe, akamfuata hadi kwake. Shemeji yake alimfungulia mlango, akamwonyesha chumbani kwa kidole. Mdogo wake alikuwa amejilaza kaelekea ukutani. Dada mtu akapanda kitandani, akajilaza nyuma yake kama walivyolala utotoni.

Kisha mdogo akauliza bila kugeuka, "Kwa hiyo mimi ni mbovu?"

"Hapana. Vyote unavyo, hakikupungua hata kimoja. Ila vipande viwili vimekaa kila kimoja mahali pa mwenziwe. Wewe hilo halikudhuru. Tatizo ni pale unapomgawia mtoto nusu yako: pengine anapata kimoja mara mbili na kingine hakipati, na mimba haikui. Pengine anapata sawa kabisa, na anazaliwa."

"Nilibeba ndoo za maji. Mama mkwe anasema ni zile ndoo."

"Ndoo haikati kromosomu. Huenda ulizaliwa na hali hiyo."

Ndipo mama yao naye akapimwa, na Mama Hamira pia. Majibu yakaja hivi: Mama Hamira hana. Mama yao anayo.

Kumwambia mama ndiyo ilikuwa kazi. Walimkuta jikoni akichagua mchele. Walikuwa wakijua kwamba kati ya kuzaliwa mkubwa na kuzaliwa mdogo kuna pengo refu, lakini hawakuwahi kuuliza. Mama Hamira alieleza taratibu, safari hii bila sahani. Mama aliendelea kuchagua mchele, kisha mkono ukasimama.

"Rudia hapo," alisema.

Akarudia.

"Sikuwaua wale walionitoka kati yenu?"

"Hukumuua mtu, mama."

"Shangazi yenu alisema nawala wanangu. Alisema mbele za watu, mimi nimeketi na maziwa yananitoka." Akajifuta uso kwa kanga. "Nipe simu."

Walijaribu kumzuia, hakuzuilika. Alimpigia wifi yake huyo, bibi kizee mwenzake, akamweleza habari za nyuzi na vipande kwa namna yake mwenyewe, nusu ikiwa sahihi. Wifi akasema hakumbuki kama aliwahi kutamka neno kama hilo. Mama akakata simu, akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, na wanawe wawili wakamshika huku na huku mpaka kikaisha.

Mdogo alishika mimba nyingine, nayo ikatoka. Iliyofuata ikakaa. Miezi yote hiyo Mama Hamira alimtembelea kila akitoka kazini, wakaongea mambo ya mtaa, ya mapazia, ya shemeji anayekoroma. La kromosomu hakuligusa ila akiulizwa. Alizaliwa binti mwenye sauti kali. Kama amerithi vile vipande au la, watampima akikua, aamue mwenyewe anachotaka kujua. Kwa sasa bibi yake anamfunga mgongoni na kwenda naye kila mlango wa mtaa, na anayeuliza mbona alichelewa hivyo kuzaliwa anaelezwa kuhusu kromosomu mpaka anachoka.