Dagaa Wasiogusa Chini

Nilipoacha kazi ya kuchapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari moja ya Igoma, nilimtangazia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba sasa natengeneza tovuti. Nilichapisha kadi, nikavaa viatu vya kufunika, nikaanza kupita duka kwa duka kando ya barabara ya Musoma. Fundi mageti mmoja aliniuliza kama hiyo tovuti inaweza kumkalia dukani akienda kula. Mzee wa Kihindi, ambaye familia yake inauza vifaa vya ujenzi mjini tangu enzi za babu yake, alinipa chai na andazi, akaisoma kadi yangu pande zote mbili, kisha akasema, "Binti, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikaondoka nimeshiba na nimekasirika. Miezi minne nilijitembeza bila kupata hata mteja mmoja, na nyumbani wakaanza kuniuliza, kwa upole unaouma kuliko matusi, kama nafasi yangu steshenari imeshazibwa.

Mteja wa kwanza sikumpata kwa kadi. Nilimpata saluni, tunasukwa. Alikuwa mama wa makamo anayekausha na kuuza dagaa kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki wa ziwani, upande wa Magu. Wanunuzi wake wa mikoani walikuwa wakimwomba picha kila wiki, naye alichoka kumtumia kila mmoja kwa simu. "Nataka mahali pamoja," alisema. "Mtu aingie, aone, anipigie." Nikamwambia amefika. Tulikubaliana palepale, vichwa vyetu vimesukwa nusu. Akanionya pia kwamba wenzake wa mwaloni wanamtazama. Kwake ikienda vizuri, nao watataka. Ikiharibika, basi nirudi kwenye kopi zangu.

Siku ya picha nilifika saa tisa alasiri, nimechelewa kwa sababu nilipitia kwanza Usagara kugawa kadi. Dagaa wake walishakauka na kuingia kwenye magunia, mwenyewe ameondoka kusindikiza mzigo. Vichanja vyake, yaani zile meza ndefu za miti zilizotandikwa nyavu, vilikuwa vitupu. Hatua chache kutoka pale, jirani yake alikuwa ameanika dagaa chini, kwenye mchanga. Ufuko mzima ulimeremeta, na ziwa liko nyuma, limetulia. Nikajiambia dagaa ni dagaa. Nikapiga magoti, nikapiga picha, na iliyotoka vizuri kuliko zote nikaiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Niliipenda mno ile picha.

Siku ya tatu tangu tovuti ianze kuonekana, yule mama akapiga simu. Hakungoja hata nimwamkie. "Njoo mwaloni," akasema, akakata.

Kesho yake asubuhi alinikalisha juu ya ndoo, akaniletea sahani mbili. "Kula hawa." Nikala. Wakavu, watamu. "Kula na hawa." Nikatafuna, mchanga ukasagika menoni mpaka nikausikia masikioni.

"Hao wa pili ni wa kuku," akasema. "Wanaowanunua ni watu wa vyakula vya mifugo. Mimi nilikata miti, nikafunga nyavu, wenzangu wakanicheka eti nawalaza dagaa kitandani. Miaka sita nawaambia watu dagaa wangu hawagusi chini. Wewe umewashusha kwa picha moja."

Mnunuzi wake mkubwa, wa Dodoma, alikuwa ameiona ile picha. Alimwuliza amekuwa akimdanganya tangu lini, kisha akaagiza mzigo kwa mtu mwingine.

Niliona aibu. Sikuwa nimemwuliza swali hata moja kuhusu kazi yake. Nilimwuliza tu anapenda rangi gani. Niliifuta picha palepale, nikaomba namba ya yule mnunuzi, nikampigia nikiwa bado juu ya ndoo.

"Wewe ni binti yake?" akauliza.

"Hapana. Ndiye niliyetengeneza tovuti. Dagaa wale ni wa jirani, picha nilipiga mimi bila kujua."

"Mimi nakuamini," akasema. "Lakini wateja wangu niliwaonyesha tovuti mwenyewe, najivunia, na wao ndio walioanza kuuona mchanga. Sasa niwarudie na kuwaambia nini?"

Nikamwomba radhi, tukaagana. Nikamweleza mama yote kama yalivyosemwa, nikamwuliza kama niiondoe tovuti nzima.

"Ukiiondoa watasema nimekimbia," akasema. "Weka vichanja vyangu, vikiwa na dagaa. Na wewe usimame hapo, uonekane uso. Uandike kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya jirani, na aliyekosea ni wewe."

Nilimwambia biashara yangu ina mteja mmoja tu. Nani atampa kazi mtu aliyetangaza kosa lake kwenye ukurasa wa kwanza?

"Na mimi nilikuwa na mnunuzi mkubwa mmoja tu," akasema.

Nikasimama kando ya kichanja kilichoanikwa dagaa, yeye mwenyewe akanipiga picha kwa simu yake. Nimekunja uso, jua linanipiga machoni, kiganjani nimeshika dagaa. Niliandika maneno yale kama alivyotaka, nikamsomea, akanisahihisha mara mbili. Nikamwuliza tuyaache pale mpaka lini.

"Mpaka yule wa Dodoma arudi," akasema.

Bado yapo.